Kupona Baada ya Upasuaji wa Titi: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara na Wanawake wa Kigoma

Maswali haya yametoka katika mazungumzo ya kikundi chetu cha wanawake waliofanyiwa upasuaji wa titi kwa sababu ya saratani, kinachokutana mara moja kwa mwezi hapa Kigoma Ujiji. Mimi niliyeyaandika niliondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, na tangu hapo nimeketi kando ya vitanda vya wengi waliopitia njia hiyo baada yangu. Majibu hayachukui nafasi ya maelekezo ya daktari aliyekupasua; pale yanapotofautiana, fuata ya daktari. Yanahusu hasa yale mambo ambayo chumba cha daktari hakina nafasi nayo, yaani namna ya kulala, kuvaa, kusafiri, kujitazama, na kumpokea jirani anayebisha hodi akiwa na pole mdomoni lakini hajui mikono yake aifanyie nini.

Nitakapozinduka, nitakuta nini mwilini mwangu?

Utakuta bandeji pana kifuani, mrija mmoja au miwili ikitokea ubavuni chini ya kwapa, na dripu katika mkono wa upande usiopasuliwa. Koo laweza kukwaruza kwa sababu ya mpira wa kupumulia, na kichefuchefu katika saa za mwanzo ni jambo la kawaida. Maumivu yapo, na wengi wetu tulishangaa kuona kwamba yanauma zaidi kwapani kuliko pale titi lilipokuwa. Omba dawa kabla maumivu hayajapanda, kwa maana yakishapanda huchukua muda mrefu kushuka. Ukipewa paracetamol ya kutumia nyumbani, mtu mzima hapaswi kuzidisha vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24, na uangalie usije ukameza dawa nyingine ya mafua au maumivu yenye paracetamol hiyo hiyo ndani yake.

Hakuna anayekulazimisha kulitazama kovu siku hiyo.

Mrija huu ni wa nini, na nitaishi nao vipi nyumbani?

Wodini huitwa dreni. Mahali titi lilipokuwa hubaki uwazi chini ya ngozi iliyoshonwa, na mwili huujaza uwazi huo kwa majimaji. Dreni huyafyonza na kuyaingiza katika chupa iliyo mwisho wake, ili ngozi ipate kushikamana na kifua. Siku za kwanza utaona damu nyekundu, kisha rangi hupungua ikawa ya waridi, na mwishoni hufanana na chai nyepesi isiyo na maziwa. Hospitali nyingi huitoa dreni majimaji yakishapungua chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya wiki ya kwanza na ya tatu.

Mwaga majimaji asubuhi na jioni, kwa saa zilezile, baada ya kunawa mikono kwa sabuni. Pima kwa kipimo ulichopewa, andika kiasi na rangi kwenye daftari, na uende na daftari hilo kliniki, kwa sababu daktari huamua kwa kuangalia hesabu zako za siku zote. Kama chupa yako ni ile laini ya kuminya, iminye hewa yote itoke kisha ufunge kizibo ukiwa bado umeiminya, kwa maana nguvu yake ya kufyonza inatokana na kuminywa huko. Mama mmoja wa kwetu alimwaga kwa uangalifu mkubwa kwa siku nne, lakini akawa anafunga kizibo chupa ikiwa imetuna. Majimaji yakabaki mwilini, kifua kikavimba, na ikabidi arudi hospitali kunyonywa kwa sindano. Hakuwa mzembe hata kidogo, bali hakuna aliyemwonyesha kwa vitendo. Kwa hiyo, kabla hujaruhusiwa kutoka, mwombe muuguzi umwage mbele yake, na ndugu atakayekuuguza amwage mbele yake pia.

Chupa isining'inie kwa uzito wake. Tunashona vifuko vya kitenge vyenye kamba ndefu ya kuvaa shingoni, ili chupa ikae usawa wa nyonga, chini ya jeraha, ikifichwa na kanga. Ukienda kuoga, chovya kitambaa ujipanguse, na bandeji ibaki kavu hadi utakaporuhusiwa.

Nimepasuliwa Dar es Salaam au Mwanza. Je, ninaweza kusafiri kurudi Kigoma nikiwa na dreni?

Daktari ndiye anayeruhusu, na mara nyingi, kama una ndugu wa kufikia, ni heri ungojee huko mpaka dreni itolewe. Reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina zaidi ya kilomita 1,200, na mwenye jeraha bichi huuhisi kila mtikisiko. Ukilazimika kusafiri, usisafiri peke yako. Kwenye treni omba kitanda cha chini. Kwenye basi kaa upande ambao mkono uliopasuliwa hautagongwa na wapita njia, na uweke mto mdogo kati ya mkanda wa kiti na kifua. Kukaa muda mrefu baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, kwa hiyo chezesha nyayo mara kwa mara, kunywa maji, na basi likisimama ushuke utembee hata hatua hamsini. Dawa, daftari la dreni na barua za hospitali zikae katika mkoba ulio mikononi mwako, kamwe zisiende kwenye buti.

Nilale vipi?

Chali, mgongo ukiwa umeinuliwa kwa mito miwili au kwa godoro lililokunjwa, na mto mdogo chini ya mkono wa upande wa jeraha ili kwapa lisibanwe. Mto huo mdogo wa sufi, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, ndio zawadi ya kwanza tunayompelekea mgonjwa. Utauhitaji kwa wiki nyingi, hata ukiwa umeketi sebuleni.

Mbona ngozi ya ndani ya mkono imekufa ganzi, na wakati mwingine nahisi titi ambalo halipo?

Mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi ya kwapa na upande wa ndani wa mkono hupita palepale daktari anapoondoa tezi, na mara nyingi huguswa au hukatwa. Ganzi hiyo hupungua kwa miezi, ingawa kwa baadhi yetu sehemu fulani haikurudi kabisa. Kuhusu titi lisilokuwapo kuwasha au kuuma, ni jambo linalojulikana na madaktari, sawa na mtu aliyekatwa mguu anavyohisi vidole. Nilikaa miezi miwili bila kumwambia mtu kwamba chuchu yangu iliyokwisha kuondolewa inawasha usiku, nikihofia kuonekana nimechanganyikiwa. Nilipoisema kikundini, wanawake watatu walinyanyua mikono.

Je, mazoezi ya mkono ni ya lazima, hata kama yanauma?

Ni ya lazima, na sababu moja ni kubwa kuliko zote. Kama utahitaji tiba ya mionzi, ambayo hutolewa katika hospitali kama Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza, utalazwa mezani mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa na kutulia hapo. Mwenye bega lililokakamaa hawezi, na matibabu yake huchelewa akisubiri bega lilegee. Ni uchungu kusafiri umbali wote huo, kwa nauli iliyochangwa na ukoo, kisha bega ndilo likukwamishe.

Siku ya kwanza, ukiwa kitandani, fumba na kufumbua ngumi, kunja na kunjua kiwiko, pandisha na kushusha mabega, ukivuta pumzi taratibu. Mkono usipande juu ya bega mpaka utakaporuhusiwa, mara nyingi baada ya dreni kutolewa. Hapo ndipo huja zoezi la ukuta: simama ukiuelekea, weka vidole ukutani, vitambaze kwenda juu kama buibui hadi utakapohisi ngozi inavutika, hesabu hadi kumi, shuka. Weka alama ya mkaa mahali ulipofika. Nyumbani kwangu alama hizo bado zipo nyuma ya mlango wa jikoni, ya kwanza ikiwa usawa wa kidevu changu na ya mwisho ikiwa juu ya kizingiti, na binti yangu amekataa ukuta huo usipakwe chokaa.

Kuvutika ni sawa. Maumivu makali yanayobaki baada ya zoezi ni ishara ya kupunguza. Wengine huona nyuzi ngumu kama kamba chini ya ngozi kutoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko. Hizo si mishono iliyosahaulika, na kwa kawaida hulegea kwa wiki au miezi ya kunyoosha mkono kwa upole, lakini mwonyeshe daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Lini nitabeba ndoo, nitalima, nitatwanga?

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na kuitwika kichwani kunadai mikono yote miwili ipande juu kwa nguvu. Katika wiki za mwanzo kikomo chako kiwe kama birika la chai, kilo mbili hivi. Kwa kawaida kazi nzito husubiri wiki 6 au zaidi, na hata hapo huanza kidogo kidogo: kidumu cha lita 3, kisha cha 5. Jembe na mchi vifuate baadaye.

Hata hivyo, usiufanye mkono kuwa yai la maisha. Zamani tuliambiwa usinyanyue kitu tena kamwe. Tafiti zilizochapishwa Marekani mwaka 2009 na 2010, ambamo wanawake waliotibiwa saratani ya titi walinyanyua vyuma hatua kwa hatua chini ya uangalizi, zilionyesha kwamba mazoezi hayo hayakuwaongezea uvimbe wa mkono. Neno muhimu hapo ni hatua kwa hatua.

Huo uvimbe wa mkono ni kitu gani?

Tezi za kwapani ni njia ya kupitishia majimaji ya mwili, na zikiondolewa au zikipigwa mionzi, majimaji huweza kutuama mkononi, miezi au hata miaka baadaye. Huanza kwa uzito, pete kubana, au mkono wa blauzi kuacha alama. Ukiuwahi, hudhibitika kwa bandeji maalumu, mazoezi na kuuinua mkono, ukiuacha, hukomaa.

Ngozi ya mkono huo ilindwe, kwa kuwa kijidonda kinachoingiza vijidudu huweza kuanzisha uvimbe. Vaa glavu unapolima au kuparua samaki, tumia mwiko mrefu unapokaanga, na ukichomwa na mwiba wa samaki, osha papo hapo kwa sabuni. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nimeshauriwa nipake mawese, majivu au dawa ya mizizi kwenye jeraha. Je, nipake?

Hapana. Jeraha bichi lipate hewa safi, bandeji safi na kile ulichopewa hospitali tu. Mawese yatufae jikoni. Likishapona kabisa na kukauka, mafuta yasiyo na manukato waweza kuyapaka na kulisugua kovu taratibu kwa ncha za vidole, jambo linalosaidia ngozi isigande kifuani. Lakini kama umo katika mionzi, waulize kwanza wahudumu wa huko kabla ya kupaka chochote.

Nivae nini?

Gauni la vifungo mbele. Dera lenye shingo pana livae kwa kuingiza miguu kwanza, ulipandishe juu, usilivutie kichwani.

Titi la kitambaa hushonwa vipi, nami nisiyemudu la dukani?

Mwanamke aliyeondolewa titi kubwa huweza kuinamia upande mmoja bila kujijua, bega moja likapanda, na shingo na mgongo vikauma. Kwa hiyo, pamoja na sura ya nguo, titi la bandia hurudisha mizani. Ruth Handler, Mmarekani aliyebuni mwanasesere Barbie, aliondolewa titi mwaka 1970, akakosa la bandia la kumridhisha, akaanzisha kampuni ya kuyatengeneza. Sisi tuna cherehani na kanga kuukuu.

Wiki za kwanza huhitaji uzito wowote: shona kifuko laini cha pamba, ukijaze sufi kidogo, ukipachike ndani ya blauzi. Kovu likipona vizuri, kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8 na kwa ruhusa ya daktari, ndipo ushone la uzito. Kata vipande viwili vya kanga iliyofuliwa mara nyingi, kwa kuwa kanga mpya ina wanga na hukwaruza. Jaza sufi kwa mbele, na katikati uweke kifuko kidogo cha ndani chenye uzito, kikae mbali na kovu. Tulijaribu choroko, zikaingia wadudu. Tulijaribu mchele, ukavimba kwa jasho. Tulichobaki nacho ni vijiwe laini vya ufukweni, vidogo kama punje za mahindi, vilivyochemshwa na kuanikwa. Kifuko cha ndani kishonwe mara mbili na kiweze kutolewa ili kitambaa cha nje kifuliwe. Uzito tunaupima kwenye mizani ya dagaa, tukilinganisha na titi lililobaki kwa kukadiria. Tafadhali usitumie chubwi za risasi za nyavu hata kama ni rahisi kuzipata, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu.

Sidiria ishonewe mfuko kwa ndani, ili titi lisichomoke unapoinama kufagia. Na asiyetaka kuvaa titi la bandia asisumbuliwe. Wapo kati yetu watembeao sokoni Mwanga na upande mmoja bapa, wakiwa wameridhika.

Mume wangu hatazami kovu langu. Nifanyeje?

Mume wangu alinibadilishia bandeji kwa wiki tatu huku akitazama ukuta. Niliamini amenichukia, nami nikaanza kujifunika nikiwa peke yangu na yeye. Wifi yangu ndiye aliyemuuliza kwa lugha ya nyumbani, na jibu likawa kwamba alikuwa akiogopa kuniumiza na akiogopa kulia mbele yangu. Haina maana kwamba kila mume ni hivyo. Wapo walioondoka, na hatuwezi kuwaficha wanawake ukweli huo. Lakini kimya cha mume kina maana nyingi, na ni afadhali kuuliza kuliko kutafsiri. Akubaliye kuandamana nawe kliniki mpeleke, aulize mwenyewe. Tendo la ndoa hurudi pale wewe utakapokuwa tayari. Halina madhara kwa kovu lililopona, na mto mdogo ule ule husaidia kuzuia uzito kifuani.

Watu wanasema saratani inaambukiza, au nimerogwa.

Saratani ya titi haiambukizwi kwa kula sahani moja, kunyonyesha wala kulala kitanda kimoja. Huanza pale chembe za titi zinapoharibika na kuongezeka bila mpango, na huwapata hata wanaume, ingawa ni kama mmoja tu katika kila wagonjwa mia. Anayekuambia umerogwa huenda anakupenda na anatafuta sababu. Msikilize, kisha usikose siku yako ya kliniki.

Mimi ni ndugu au jirani. Nimsaidie vipi?

Swali hili ndilo tunalotamani liulizwe zaidi. Mgonjwa hupokea pole nyingi, na karibu kila moja huishia na "ukiwa na shida usisite kunieleza". Hatakueleza. Mwanamke aliyezoea kuwahudumia wengine huona aibu kuomba kuoshwa mgongo, na ataendelea kusema "namshukuru Mungu" huku maji yakiwa yamekwisha mtungini. Kwa hiyo njoo na kazi uliyoichagua mwenyewe. Jirani yangu mmoja alikuwa akiweka ndoo mbili za maji mlangoni kila alfajiri kwa wiki sita, na siku nyingi hakuingia ndani hata kusalimia, kwa kuwa alijua nimelala. Sikumbuki maneno ya wageni wengi wa wakati ule. Mlio wa zile ndoo zikitua sakafuni naukumbuka mpaka leo.

Zipo kazi nyingi za aina hiyo: kumsuka nywele, kwa kuwa mkono wake haufiki kichwani; kupeleka watoto shule; kuwasha jiko; kufua na kuanika; kukaa na daftari la dreni usiku akiwa amechoka. Mtu mmoja wa nyumbani, labda mdogo wake au wifi, apange zamu na awe ndiye anayepokea wageni na michango, ili mgonjwa asiwe mwenyeji kitandani mwake. Ukileta chakula, leta cha kawaida, ugali na dagaa au maharage na mboga, kwani hakuna chakula cha siri kinachoponya jeraha. Mwili unahitaji protini, matunda na maji ya kutosha.

Usimsimulie habari za fulani aliyeugua hivyohivyo akafa. Usimwambie "bora ni titi tu". Akilia, kaa. Si lazima useme neno.

Nikija kikundini, lazima niongee au nionyeshe kovu?

Hakuna lazima. Wapo waliokuja mara tatu wakanywa chai, wakaondoka. Mwaka 1952 huko Marekani, Terese Lasser alipasuliwa titi, kisha akaanza kuwatembelea wanawake waliopasuliwa kama yeye, na kazi yake ikawa mpango uitwao Reach to Recovery, ulioenea nchi nyingi. Kilichomfanya afae ni kile kinachotufanya sisi tufae: anaingia mlangoni mtu aliyevaa vizuri, anatembea, ananyanyua mkono wake juu, na mgonjwa anaona kwa macho kwamba hali hiyo inafikika. Daktari aweza kulisema hilo, lakini hawezi kulionyesha mwilini mwake.

Yanayosemwa kikundini hubaki humo.

Nitaswali vipi?

Ukiwa umeketi, bila kusujudu hadi chini, mpaka dreni itoke na kifua kitulie. Mgonjwa amepewa ruhusa hiyo.

Jeraha limepona, najisikia mzima. Je, nimemaliza?

Pengine bado. Nyama iliyotolewa hupelekwa maabara, na majibu yake ndiyo yanayoamua kama utahitaji tibakemikali (dawa kali za kuua chembe za saratani), mionzi, au vidonge vya kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Fuatilia majibu hayo hata kama hukupigiwa simu, na utunze nakala yake. Kuna dada tuliyempenda sana aliyerudi kijijini akiwa na kovu safi na furaha tele, akaacha matibabu yaliyobaki kwa kuona amepona. Tunamkumbuka kila tunapokutana.

Dalili zipi zinirudishe hospitali bila kungoja siku ya miadi?

Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Jeraha kuwa jekundu, la moto, kunuka au kutoa usaha. Kifua kuvimba ghafla. Dreni kujaa damu nyekundu kwa haraka, au kuchomoka. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kushindwa kupumua vizuri. Kwa dalili hizi mbili za mwisho usisubiri hata kupambazuke, kodi bajaji usiku huohuo uende.

Dreni imetolewa. Kile kifuko cha kitenge nikifanyeje?

Kifue kwa maji ya moto na sabuni, ukianike juani mpaka kikauke kabisa, ukipige pasi, kisha ukilete. Kuna mwenzako anapasuliwa mwezi ujao.